Aliyezaa Ndiye Mama: Maneno kwa Wanaotafuta Mtoto

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa Nanighi mbele ya wanandoa, wazee, wakunga na viongozi wa vikundi vya akina mama. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kufika. – Mhariri

 

 Nimeombwa niongee juu ya jambo ambalo kwa desturi yetu husemwa usiku, tena kwa sauti ya chini: habari ya wanandoa wasiopata mtoto, na habari ya mwanamke kumbebea mwenzake mimba. Leo tutalisema mchana. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hapa methali hiyo imefika mahali pake hasa.

Niwaambie kwa nini nimekubali. Hapo nyuma kidogo, mume na mke walikuja kuniona. Sitasema wanatoka kijiji gani. Wana miaka 9 katika ndoa na hawana mtoto. Mdogo wake mke, msichana wa miaka 22, amekubali kuwabebea mimba. Wamesikia kwamba ziko hospitali Nairobi zinazofanya kazi hiyo. Ng'ombe wa kuuza walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Na mama mkwe alikuwa ametoa shauri lake: yule mdogo mtu akienda kliniki, atumie jina na kitambulisho cha dada yake, ili mtoto akizaliwa karatasi ziwe tayari na watu wasijue kitu. Wakaniuliza, "Je, ni sawa?"

Mimi si daktari, wala si hakimu. Ni msaidizi wa sheria tu. Lakini jibu nililowapa wale wawili nataka niwape na ninyi, maana najua si wao peke yao wenye swali hilo.

KWANZA TUONDOE LAWAMA

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wanandoa wakikutana kama kawaida kwa miezi 12 bila kinga na mimba isishike, hapo wana tatizo la uzazi, waende wakapimwe. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa taarifa kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu 6 duniani hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Mmoja katika 6! Tuhesabu watu walio hapa, mtaona kwamba si laana ya nyumba moja.

Sasa, kwetu nani hulaumiwa? Mwanamke. Ndiye apelekwaye kwa mganga, ndiye arudishwaye kwao, ndiye aongezewaye mke mwenza. Mume huoa wa pili asizae, huoa wa tatu asizae, bado atasema wanawake wa siku hizi ni tasa. Jamani! Mkulima akipanda shamba tatu na zote zisiote, hakagui mbegu? Madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hii, mume naye ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Na mwanamume kuwa na nguvu za chumbani si dalili kwamba mbegu zake ni nzima. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Shida yenyewe hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, hasa kisonono na klamidia, ambayo huziba mirija ya uzazi ya mwanamke kimya kimya. Hutoka kwa uchafu ulioingia wakati wa kuzaa au mimba ilipoharibika. Kwa mwanamume, matubwitubwi akiugua amekwisha kubalehe yaweza kuharibu mapumbu. Na iko sababu moja ambayo sisi watu wa Tana hatuna budi kuijua: kichocho.

Nani hapa hajamwona mtoto anakojoa damu? Tumezoea hata tunaona ni ukubwa. Lakini kichocho kikikaa bila dawa hufanya vidonda katika njia ya uzazi ya mwanamke, na vidonda hivyo vyaweza kumzuia asishike mimba, au mimba itungwe nje ya mfuko wa uzazi. Mama huyo akienda hospitali na maumivu na kutokwa damu, mara nyingine hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akarudi nyumbani na aibu isiyo yake. Kumbe ni maji ya mtoni na ya mifereji ya kunyweshea mashamba. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vya siku moja. Kwa hiyo ukimpa binti yako dawa ya kichocho leo, huenda umemtunzia mjukuu wako.

PIMWENI WAWILI, TENA MAPEMA

Neno langu la pili ni fupi. Msiuze hata mbuzi mmoja kabla hamjapimwa wote wawili. Kupima mbegu za mume ni kazi ndogo, haina kisu wala sindano, na gharama yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na hayo mengine. Lakini ndicho kipimo ambacho wanaume hukikimbia kama nyuki. Anzeni kituo cha afya, muombe barua ya kwenda Hola au Garissa. Mke naye apimwe maambukizo, damu yake ya mwezi iangaliwe, na mirija itazamwe kama imefunguka.

Wengi huponea hapa hapa. Maambukizo hutibiwa. Yai lisilopevuka lina vidonge vyake. Wengine huambiwa tu siku zipi za mwezi ni za mbegu kushika, na mwaka unaofuata tunabatiza.

Wale mume na mke waliokuja kwangu, nilimuuliza mume: "Baba, wewe umepimwa?" Akanyamaza. Miaka 9, mama amekwenda kliniki mara zisizohesabika, na baba hajapimwa hata siku moja.

MIMBA YA MAABARA, NA MIMBA YA KUBEBEWA

Tuelewane juu ya maneno. Mimba ya maabara ni hii: daktari anachukua yai la mwanamke, analikutanisha na mbegu ya mwanamume ndani ya chombo, na baada ya siku chache anakirudisha kile kilichotungwa ndani ya mfuko wa uzazi. Mtoto wa kwanza kuzaliwa hivyo ni Louise Brown, Uingereza, mwezi wa Julai 1978. Hapa kwetu Kenya watoto wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Kwa hiyo si uchawi, wala si jambo la wazungu peke yao.

Mimba ya kubebewa ni pale ambapo kilichotungwa hakirudishwi kwa mke mwenyewe bali kwa mwanamke mwingine, ambaye tutamwita mama mbebaji. Mara nyingi yai ni la mke na mbegu ni ya mume, na mbebaji hatoi damu yake bali tumbo lake. Wakati mwingine yai ni la mbebaji mwenyewe, na hapo mambo huwa mazito zaidi, maana mtoto ni damu yake kabisa.

Gharama ni laki kadhaa kwa jaribio moja, kabla hujalipa nauli, mahali pa kulala na matunzo ya mbebaji. Na jaribio moja laweza kushindwa. Hospitali nzuri nazo hushindwa mara nyingi. Atakayekuambia "ni hakika" anakutafuta mfukoni. Na jingine: madaktari waangalifu hawapendi mbebaji ambaye hajawahi kuzaa. Msichana asiyezaa hajui mwili wake utaitikiaje uzazi, wala hajui moyo wake utaitikiaje siku ya kumtoa mtoto mikononi. Yule mdogo mtu wa miaka 22 hajazaa.

KUMBUKENI HAJIRI

Wale wanaosema jambo hili ni geni hawajafungua Mwanzo sura ya 16. Sara hakupata mtoto, akamtoa mjakazi wake Hajiri kwa Ibrahimu ili apate uzao kwa tumbo la mwenzake. Je, yalikwendaje? Hajiri aliposhika mimba, nyumba ilivunjika. Wanawake wakachukiana. Ibrahimu, mzee wetu wa imani, akaosha mikono. Mwisho mama na mtoto wako jangwani, maji yamekwisha. Ndugu zetu Waislamu nao wanamjua Hajar, mama yake Ismaili, na mahujaji wanapokwenda mbio kati ya Safa na Marwa wanakumbuka jinsi alivyomtafutia mwanawe maji.

Nilipoisoma habari hii nikiwa kijana nilimwona Sara na machozi yake. Nilipoanza kazi hii nikamwona Hajiri. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyeandika haki yake. Aliyemwona ni Mungu peke yake. Basi mipango yoyote ya kubebewa mimba ambayo haimwoni Hajiri, na haimwoni Ismaili, ni mipango mibaya hata kama machozi ya Sara ni ya kweli.

Mtaniuliza, kanisa linasemaje? Makanisa hayasemi kwa sauti moja. Kanisa Katoliki limekataa mimba ya maabara na ya kubebewa katika mafundisho yake ya mwaka 1987, na Januari 2024 Papa Fransisko aliomba kubebewa mimba kupigwe marufuku duniani kote. Makanisa mengine humwachia mtu dhamiri yake na ushauri wa mchungaji. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wa Sunni huruhusu mimba ya maabara ikiwa ni ya mume na mke walio katika ndoa, lakini hukataa kumwingiza mtu wa tatu. Kwa hiyo kila mmoja na aende kwa padre wake, mchungaji wake au shehe wake. Kazi yangu ni sheria, na huko ndiko ninakokwenda sasa.

SHERIA INASEMAJE?

Watu wengi hufikiri kwamba kwa kuwa hospitali zinafanya, basi iko sheria. Hospitali zilianza miaka mingi kabla ya sheria yoyote ya jambo hili. Mwaka 2014 Mheshimiwa Millie Odhiambo alipeleka Bungeni mswada wa kwanza. Ukakwama, ukarudi, ukakwama tena. Ule wa mwaka 2022 ndio uliopitishwa na Bunge la Taifa mwezi wa Novemba 2025, ukapelekwa Seneti. Shabaha yake kubwa ni kukataza biashara ya matumbo: mbebaji asaidiwe gharama zake, asinunuliwe. Lakini mswada si sheria mpaka umalize safari yake na kutiwa sahihi na Rais. Asije mtu akawaambia kuwa mswada unamlinda. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, muulizeni wakili jambo hili limefika wapi.

Tuliyo nayo mkononi ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, ana haki ya kutunzwa na mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa ya mtoto ndiyo ya kwanza. Siyo manufaa ya aliyelipa, wala ya aliyebeba.

Tena tunayo kesi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Majanja, ilisikia habari ya mapacha waliozaliwa na mama mbebaji. Walipozaliwa, hospitali haikujua iandike jina la nani kuwa mama. Ikauliza idara ya watoto. Idara ikaja ikawachukua wale wachanga, ikawapeleka katika makao ya watoto. Fikirieni, mama zangu: mbebaji titi limejaa, waliomtuma wako mlangoni na nguo za mtoto, na watoto hawako kwa huyu wala kwa yule! Mahakama ilisema haikuwa sawa kuwachukua, kwa sababu hawakuwa watoto waliokosa wa kuwatunza. Lakini ilisema pia kwamba, kwa sheria ilivyokuwa, aliyezaa ndiye mama mpaka haki hiyo ihamishwe kwa njia ya sheria. Na ikaonyesha kwamba ni kazi ya Bunge kutunga sheria ya jambo hili.

Shikeni neno hilo hata mkisahau mengine yote. Aliyezaa ndiye mama, mpaka mahakama iseme vingine. Hata kama yai ni lako. Hata kama fedha ni zako. Hata kama mmeandikiana mbele ya chifu na wazee na kula mbuzi.

HATARI YA KADI YA UONGO

Sasa nirudi kwa shauri la yule mama mkwe, kwamba mdogo mtu atumie jina la dada yake. Najua linafanyika, tena si kwa mimba za maabara tu. Dada anazaa, kadi ya kliniki ina jina la dada mwingine, cheti kinatoka, kimya. Watu huliona ni huruma ya ndugu. Mimi naliona shimo, na nitawaambia waangukao humo.

Wa kwanza ni mbebaji. Kadi inaonyesha damu ya mtu mwingine, presha ya mtu mwingine, dawa za mtu mwingine. Akitokwa na damu usiku wa manane, daktari atatazama kadi hiyo. Mama mkwe hakuwazia hilo.

Wa pili ni mume na mke wenyewe. Kusema uongo katika kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto ni kosa la jinai. Na kama fedha ilipita mkononi, watu wanaweza kusema mtoto alinunuliwa. Sheria ya 2010 ya kuzuia biashara ya binadamu haina mchezo: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Aliyekwenda kutafuta mtoto akapata jela, amepata nini?

Wa tatu ni mtoto, na huyu ndiye anionyeshaye uchungu. Siku ambayo baba anafariki, siri ambayo watu 5 waliijua huwa inajulikana na 50. Shangazi atasimama kwenye matanga aseme, "Huyu si wetu, tunajua alikozaliwa." Mashamba ya kando ya mto hayatoshi, na ng'ombe wanahesabiwa. Ni kweli Sheria ya Urithi inamtambua hata mtoto ambaye marehemu alimkubali kuwa wake na kubeba jukumu lake daima. Lakini hilo ni la kuthibitishwa mahakamani, na kijana wa miaka 15 aliyefiwa ataanzia wapi? Atakuwa na cheti kilichojengwa juu ya uongo, na mashahidi waliomchoka.

NJIA ILIYONYOOKA

Basi wanaotaka kwenda njia hii, baada ya dhamiri zao na viongozi wao wa dini, wafuate hatua hizi:

1. Pimweni wote wawili, na daktari aseme kwa maandishi kwamba mke hawezi kubeba mimba.

2. Mbebaji awe mtu mzima, awe amezaa, akubali mwenyewe bila kushurutishwa na baba, kaka wala deni. Kama ana mume, mume ajue. Mkaeni mumuulize mkiwa hampo wote. Mama mtu mzima amuulize peke yake.

3. Mbebaji awe na wakili wake, na ninyi muwe na wenu. Wakili mmoja hatumikii mabwana wawili. Mapatano yaseme nani alipa kliniki, itakuwaje akiugua, akifa, mtoto akizaliwa na ulemavu, au wakizaliwa mapacha. Mapatano hayo hayamfanyi mtu kuwa mzazi, lakini yanaonyesha nia ya kila mmoja.

4. Kila karatasi ya hospitali ibebe jina la kweli la anayebeba. Mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6.

5. Wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri, au mfuate njia ya kuasili. Mahakama Kuu haiko mbali sana nasi. Iko Garissa na iko Garsen.

6. Mwambieni mtoto. Taratibu, kwa umri wake. Mtoto aliyeambiwa na mama yake kwa upendo hawezi kutukanwa na shangazi kwa habari hiyo hiyo.

MTOTO YUPO TAYARI

Kuna njia nyingine ambayo hatuiheshimu vya kutosha. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza jinsi ya kuasili mtoto. Kwa kawaida mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, amzidi mtoto kwa miaka 21, na asiwe amepita 65. Mtoto awe na wiki 6 au zaidi, na awe amekaa na waombaji kwa miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kupelekwa. Mzazi, kama yupo, akubali kwa hiari. Kazi hupitia chama cha kuasili kilichosajiliwa, na mwisho ni amri ya Mahakama Kuu. Amri ikitoka, mtoto ni wako kana kwamba ulimzaa, na hakuna shangazi wa kumwondoa.

Kwa ndugu zetu Waislamu, Sheria hiyo hiyo ya 2022 imeitaja kafala kwa jina. Mtoto analelewa na kupendwa bila kubadilishiwa nasaba ya baba yake. Kwa kuwa harithi kama mtoto wa damu, mlezi aweza kumpa zawadi angali hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Ulizeni kwa kadhi.

Mlango wa kuanzia ni afisa wa watoto. Na mkiona mtoto anataka kuuzwa au amefichwa, iko simu ya 116, haina malipo.

MASWALI

Mzee mmoja aliuliza: "Wakamba na Wanandi, mwanamke asiyezaa huoa mwanamke mwenzake, watoto wakawa wake. Kwa nini sheria ikubali hilo na isumbue hili?" Nilimjibu: Baba, umeuliza vizuri. Ni kweli, desturi hiyo ipo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali urithi kwa ndoa ya namna hiyo ya Kinandi. Lakini angalia kwa nini ilisimama. Mahari ilitolewa mchana, wazee walishuhudia, kila mtu alijua watoto ni wa nyumba gani. Wazee walikataa siri, nasi tusiilete.

Mama mmoja aliuliza: "Mbebaji akikataa kumtoa mtoto je?" Nikamjibu: Kwa sheria niliyowaeleza, yeye ndiye mama kwanza. Mtakwenda mahakamani, na jaji ataangalia manufaa ya mtoto. Huenda mkashinda, huenda msishinde. Asiyeweza kuvumilia jibu hilo asianze safari.

Kijana mmoja, naye alisimama nyuma kabisa, aliuliza: "Kipimo cha mwanamume kinaumiza?" Watu walicheka. Nikamwambia: Hakiumizi, mwanangu. Kinachouma ni miaka 9.

NENO LA MWISHO

Mtataka kujua wale mume na mke waliishia wapi. Hawajaishia. Ng'ombe hawajauzwa. Mdogo mtu amerudi kwenye mafunzo yake ya ushonaji, na dada yake ndiye aliyemwambia arudi. Mume alipanda gari la Garissa na barua mkononi, akapimwa. Majibu ni yake na mkewe, sitayasema. Nitasema hili tu: waliporudi kuniona, walikaa kwenye benchi moja, na kwa mara ya kwanza mume ndiye aliyeanza kuongea.

Ndugu zangu, nyumba isiyo na mtoto ni nyumba. Msiiite gofu. Tuache kuwauliza wanawake kwenye foleni ya maji "lini?" Tuwaombee, lakini tuwaombee bila kuwanyooshea kidole. Na anayetafuta mtoto na atafute mahali penye mwanga, ili mtoto huyo siku moja akiuliza "Mimi nilikujaje?", pawe na mtu wa kumjibu bila kutazama chini.